Maneno Mbele ya Mkwe

Nyumbani kwao hakuna anayemwita Daktari. Wanamwita Kisauti, na jina hilo alilipata akiwa mtoto wa kutumwa dukani. Akifika aliagiza chumvi kwa sauti ndogo mno, mpaka mwenye duka anainama juu ya meza na kumuuliza, "Umesema nini, mama, au unaomba dua?" Watu waliosimama nyuma yake wanacheka. Yeye hacheki wala hanuni. Anarudia maneno yaleyale kwa sauti ileile mpaka apewe chumvi yake, kisha anaondoka.

Alilelewa kwenye vyumba viwili na mama yake, aliyekuwa akifua na kupiga pasi nguo za watu, na Baba Mkubwa, kaka wa marehemu baba yake, dereva wa basi la shule ambaye mgongo ulimstaafisha kabla ya umri. Katika vyumba hivyo maneno yalikuwa na taratibu zake. Mtoto hamsimamii mkubwa kichwani kama askari. Unakaa, au unachuchumaa, uso wako uwe chini ya uso wake. Unasalimia. Unauliza ameamkaje, mgongo unasemaje leo. Ukishajibiwa ndipo unalisogeza lililokuleta, polepole, kama mtu anayesogeza kabati lenye vyombo ndani. Na habari mbaya ina mtu wake wa kuipeleka na saa yake ya kufika. Haidondoshwi tu popote.

Hata kifo cha baba yake kilifika hivyo. Kisauti alikuwa darasa la pili. Baba Mkubwa aliingia mchana, saa ambayo si yake, akaomba maji, akayanywa yote, akauliza kama watoto wameshakula. Mama akasema bado. "Wape wale kwanza," akasema. Wakala. Alikaa anawatazama mpaka sahani zikaondolewa, watoto wakanawa mikono, ndipo akasema baba yao hayupo tena, gari lilimgonga asubuhi akielekea kazini.

Jambo hilo Kisauti amelala nalo miaka mingi. Siku nyingine anaona ilikuwa huruma, maana wasingekula saa ile wasingekula tena mpaka kesho yake. Siku nyingine anaona walimfanya mjinga: alikuwa akitafuna na kumchokoza mdogo wake, na mtu mzima amekaa mbele yake anajua. Hajapata kuamua ni lipi kati ya hayo mawili. Mama yake naye hajawahi kulizungumzia.

Chuo cha udaktari kilikuwa na taratibu nyingine kabisa. Kulikuwa na somo la kuzungumza na wagonjwa, na mwalimu wa somo hilo alikuwa na mgonjwa wake wa kuigiza, mwanamke wa makamo aliyelipwa kukaa kwenye kiti na kuambiwa ana saratani tangu asubuhi hadi jioni, mwanafunzi mmoja baada ya mwingine. Wanafunzi walimpenda. Walisema hakuna mtu aliyekufa mara nyingi kama yule mama na bado anapaka rangi ya kucha. Zamu ya Kisauti ilipofika, aliingia, akasalimia, akakaa. Akauliza amelalaje. Akauliza watoto hawajambo, wa kwanza yuko wapi, wa mwisho anasoma. Akauliza kama anakula vizuri. Mwalimu akatazama saa. Mwishowe mgonjwa mwenyewe akamwinamia na kumwambia, "Daktari, mwanangu, hebu niambie nife, nina basi la kuwahi."

Darasa zima liliangua kicheko. Kwenye karatasi yake mwalimu aliandika neno moja: Anazunguka.

Basi akajifunza kutozunguka. Alifundishwa kumtazama mgonjwa machoni hata kama ni rika la babu yake. Alifundishwa kuutaja ugonjwa kwa jina lake, siyo "ule ugonjwa", siyo "hali yako". Alifundishwa kwamba anayeanza kujua ni mwenye mwili, kabla ya kaka, kabla ya mume, kabla ya mwenyekiti wa ukoo. Alijifunza kama mtu anavyojifunza kutembea na viatu vilivyomchuna, na siku moja akajikuta havichuni tena. Alipata sauti ya pili. Hii ilitoka kifuani, haikutetemeka, na alikuwa akiivaa pamoja na koti jeupe. Siku moja mama yake alikwenda hospitali kumpelekea funguo alizosahau, akasimama nje ya mlango, akaisikia sauti ya ndani, akamwambia nesi, "Ngoja huyo daktari mkali amalize, mimi namtafuta mwanangu."

Jioni, mama akiwa anapiga pasi, akamwambia bila kuinua uso, "Umepata sauti."

"Ndiyo kazi, mama."

"Sijasema ni mbaya. Nimesema umeipata."

Mwaka wa mafunzo ya vitendo ulimkuta kwenye wodi ya upasuaji ya wanaume. Ni chumba kirefu chenye vitanda pande mbili, sakafu ya saruji iliyosuguliwa mpaka inang'aa, madirisha ya juu yasiyofikiwa na mkono, na harufu ya dawa ya kufutia iliyokwenda na harufu ya vidonda na isiishinde. Kila kitanda kina pazia lake la bluu linaloning'inia kwenye chuma, lakini mapazia hayo hufungwa mara chache, kwa sababu daktari mkuu wa wodi alipenda kuona kila kitu kutoka mlangoni.

Mkuu huyo wote walimwita Bingwa. Alikuwa mrefu, mkavu, mwendo wake wa mtu aliyeacha maziwa jikoni. Asubuhi akipita raundi, nyuma yake unafuata msururu: sista wa wodi na kigari chake cha mafaili, halafu madaktari wa mafunzo, mmoja wao akiwa kijana aliyebandikwa jina la Spika kwa jinsi alivyokuwa hakauki mdomo. Bingwa hakuwa mtu mbaya. Hakumtukana mgonjwa, hakupokea chochote cha mtu, na mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko wa yeyote hospitalini. Ila alikuwa na jambo moja asilolivumilia, nalo ni daktari anayemung'unya maneno. Ndugu wakimvuta pembeni na kumwomba mgonjwa asiambiwe, alikuwa akiwajibu, "Mguu ni wake huyu. Haukununuliwa na ukoo."

Kisauti alitaka Bingwa amwone ni daktari. Alitaka hilo kuliko alivyotaka kulala.

Sasa kwenye kitanda cha dirishani aliletwa mzee mmoja mwashi, mjenzi wa kuta za matofali na mawe. Wodi nzima ilimwita Fundi. Alikuwa na sukari ya miaka mingi, akakanyaga msumari kwenye jengo, hakuusikia, akautembelea kutwa. Alipofikishwa hospitalini vidole vya mguu wa kushoto vilishakuwa vyeusi. Mkewe alikuwa amefariki zamani. Mwanawe wa pekee alikuwa dereva wa lori la masafa, yuko njiani huko mbali. Aliyemuuguza ni mke wa mwanawe, mwanamke mnene mpole, mwenye hatua za kunyata, aliyefika kila asubuhi na chupa ya uji mikononi.

Kisauti aliwatazama wawili wale na akaelewa bila kuambiwa, maana ndivyo alivyowaona babu yake mzaa baba na mama yake. Mkwe alikuwa akifika anasimama upande wa kichwani, anamimina uji, anamsogezea mzee kikombe huku macho yake yako dirishani. Fundi naye akimsikia mlangoni anavuta shuka mpaka kifuani na kuukunja mguu mbaya chini yake, hata kama kuukunja kunamuuma kiasi cha kumtoa jasho. Saa ya kusafisha kidonda mkwe anatoka, anakwenda kusimama mwisho wa korido, mgongo umeelekea wodi. Walikuwa wakizungumza, tena vizuri. Walikuwa wakicheka. "Mkwe wangu anapika uji mzito," Fundi alimwambia Kisauti siku moja, "nikiupata mchanga kidogo naweza kujengea." Na mkwe akajibu akitazama dirishani, "Baba anasema hivyo, kikombe hakibaki hata na tone."

Siku ya tatizo ilikuwa siku ya kawaida. Bingwa alikuwa na mgonjwa anayemsubiri kwenye chumba cha upasuaji, na raundi ilikwenda mbio. Walipofika kwa Fundi, mkwe alikuwa amefika dakika ileile, hata kifuniko cha chupa hajakifungua. Kwa kawaida angetoka. Lakini msururu ulikuwa umekizunguka kitanda, na yeye amebanwa kati ya ukuta na kabati dogo, hana pa kupita.

Bingwa akatazama karatasi ya majibu, akampa Kisauti. "Mweleze mgonjwa."

Kisauti aliona kila kitu. Alimwona mkwe ameinamisha kichwa. Aliuona mkono wa Fundi umekamata ncha ya shuka. Kuna kitu ndani yake kilichomwambia ngoja, mwombe huyu mama apishwe atoke, vuta pazia, tafuta kiti. Na kuna kingine kilichomwambia kwamba huko ndiko kuzunguka, na kwamba Spika na wenzake wote wanamtazama yeye, na Bingwa anatazama saa. Akakaza shingo. Akashika shuka, akaifunua mpaka gotini.

"Mzee," akasema kwa ile sauti ya kifuani, "mguu huu umeoza. Dawa haitaurudisha. Tukiuacha, sumu itaingia kwenye damu na utakufa. Tunahitaji kuukata hapa, chini ya goti, na inatakiwa iwe kesho."

Hakukosea neno. Bingwa aliitikia kwa kichwa na kusema, "Vizuri," na msururu ukasogea kitanda kinachofuata. Kisauti alisikia joto la furaha likimpanda mpaka masikioni. Hata kwenye kitanda kile cha pili alikuwa bado nalo.

Alipogeuka nyuma ndipo alipoona. Fundi alikuwa amejivutia shuka mpaka juu ya kichwa, amelala kama maiti. Mkwe aliiweka chupa ya uji sakafuni, wala siyo kwenye kabati, akatoka upesi, mkono umefunika mdomo.

Kuanzia hapo Fundi hakusema na mtu. Sista alimletea karatasi ya kukubali upasuaji, akageukia ukutani. Spika akaenda kumweleza kwa mapana na marefu, kwa mifano na kwa michoro, akarudi ametota jasho. "Hawa wazee bwana," akasema, "anaona bora azikwe na miguu yake miwili." Uji ulikuja kesho yake, ukaondoka vilevile umejaa. Mkwe hakuingia tena wodini. Aliuacha kwa nesi mlangoni. Homa ikaanza kupanda. Weusi wa vidole ukahamia kwenye unyayo, ukakizunguka kifundo, na ngozi ya juu yake ikaanza kuvimba na kung'aa. Mara moja tu mzee alifungua kinywa, akamwambia nesi, "Nirudisheni nyumbani kwangu." Akafunga.

Kisauti alimkuta mkwe mwisho wa korido, amekaa kwenye benchi la mbao, chupa imepakatwa mapajani.

"Mama, zungumza naye," Kisauti akamwambia. "Asipokubali atakufa. Wewe ndiye uliye karibu."

Mwanamke alimtazama, na hakuonyesha hasira. Ingekuwa hasira Kisauti angejua la kufanya nayo.

"Nizungumze naye kwa uso gani, daktari? Umemfunua baba mkwe wangu mbele yangu. Umemwambia anakufa, na mimi nimesimama hapo kama kinyago. Amelia, unajua? Shuka ilikuwa inatikisika. Mimi nimeyaona hayo, na yeye anajua nimeyaona."

"Nilitaka ajue ukweli."

"Sikatai. Ukweli ni wake." Alifuta kifuniko cha chupa kwa kiganja, ingawa kilikuwa kikavu. "Angekuwa yule mrefu wenu nisingeshangaa, nisingelala nalo. Lakini wewe nilikuona tangu siku ya kwanza. Ulikuwa ukitaka kumgusa unaniangalia kwanza, unangoja nitoke. Nikasema huyu kalelewa. Wewe ulijua, daktari. Ulijua na ukafanya."

Kisauti alisimama pale mpaka mwanamke akaona haya kwa ajili yake, akamwambia kwa upole, "Nenda kazini, mdogo wangu. Watakutafuta."

Alikwenda moja kwa moja kwa Bingwa. Ofisi yake ilikuwa chumba kidogo nyuma ya stoo ya vifaa, meza moja, viti viwili, dirisha linalotazama kamba za kuanikia mashuka ya hospitali. Bingwa alikuwa anakunywa chai iliyopoa akiwa amesimama.

"Mgonjwa wa dirishani," Kisauti akaanza. "Sidhani anakataa upasuaji."

"Anasema nini?"

"Hasemi kitu."

"Basi anakataa. Ana akili zake timamu, ameelezwa, ni haki yake. Ulimweleza vizuri sana, hilo usijilaumu."

"Nilimweleza mbele ya mkwe wake."

Bingwa akanyanyua bega. "Mkwe ana macho, atauona mguu siku moja."

"Daktari, kwetu sisi..."

"Kwetu nani?" Bingwa aliweka kikombe chini. "Unafikiri mimi nilizaliwa humu ndani na koti? Kwetu kukoje, nakujua. Kaa."

Akakaa. Bingwa hakukaa.

"Nilipokuwa kama wewe," akasema, "alikuja mwanamke mwenye saratani ya tumbo. Kaka zake wakaniita nje. Watu wazima, wastaarabu, wameniamkia mimi mtoto mdogo. Wakasema, daktari, usimwambie, atakufa moyo, sisi tutalibeba. Nikaona aibu kuwakatalia. Nikamwambia mwanamke ana vidonda vya tumbo. Kila siku ananiuliza, daktari, hivi vidonda mbona havikauki? Kila siku namdanganya, tena namdanganya kwa adabu, nimekaa kwenye kigoda. Alikuwa na mtoto aliyemwacha kwa watu, alitaka akipona akamchukue. Akawa anangoja apone." Nje upepo ulikuwa unayapiga mashuka. "Angejua, angetuma mtoto aletwe. Alikufa hajamwona. Tangu hapo sikai kwenye kigoda cha mtu."

Kisauti alitazama mikono yake. Alimwelewa, na hilo ndilo lililomtesa. Kama Bingwa angekuwa mjinga tu au mkali tu, ingekuwa rahisi kutoka mlangoni na kwenda kufanya lake.

"Naomba nirudi kwake," akasema mwishowe. "Simdanganyi. Nitamwambia yote. Ila niruhusu nimwambie ninavyojua mimi."

"Una mpaka kesho asubuhi. Asipotia saini, mwandikie kwamba amekataa, wamchukue kwao." Kisha, Kisauti alipokuwa ameshafika mlangoni: "Na usimbembeleze. Mtu akibembelezwa anakubali ili umwondokee."

Alikwenda alasiri, saa ambayo wodi imepoa na wagonjwa wengi wamesinzia. Alivuta pazia la bluu pande zote mpaka pete za mwisho zikagusana. Akatafuta kiti, akakuta virefu tu, akachukua kile kigoda cha chuma ambacho wasafishaji hupandia kufuta madirisha, akakaa. Kichwa chake kikawa chini kidogo ya usawa wa godoro. Kutoka hapo aliona chini ya kitanda, viatu vya Fundi, vimewekwa sambamba, na saruji ya zamani imekauka kwenye kisigino cha kimoja.

"Shikamoo, baba."

Mgongo wa mzee ulipanda na kushuka. Kisauti hakurudia. Alikaa. Nesi mmoja alichungulia, akaona, akarudisha pazia. Muda ukapita, na Kisauti akahisi miguu inakufa ganzi, akaiacha ife.

"Marahaba," mzee akasema ukutani.

"Nimekuja kuomba radhi. Nilikuvunjia heshima mbele ya mkwe wako. Sikupitiwa, baba. Nililiona na nikalifanya."

"Kwa nini?"

Hakulitegemea swali hilo. Alifikiri amjibu nini, akaona lililobaki ni lile la kweli. "Nilitaka mkuu wangu anisifu."

"Akakusifu?"

"Alinisifu."

Mgongo ukatikisika kidogo, na Kisauti akashindwa kujua kama mzee anacheka au ni homa. Kisha Fundi akajigeuza, kwa shida, akiuinua mguu kwa mikono kama mzigo wa mtu mwingine. Macho yake yalikuwa mekundu, midomo imechanika kwa joto.

"Wewe unadhani mimi sijui kitu kilichooza?" akasema. "Nimebomoa kuta nyingi kuliko nilizojenga. Ukuta ukishaliwa na maji chini unaubomoa, huna la kujadili. Lakini hubomoi choo cha mtu na mwenyewe yumo ndani amechutama. Unagonga. Unangoja atoke. Ndiyo hivyo tu, mwanangu. Mngegonga."

"Ndiyo, baba."

"Yule mama ataniuguza vipi? Mke wangu hayupo. Nikitoka hapa nina kipande, nani atakiosha? Yeye? Bora nife nimefunikwa."

Hapo ndipo Kisauti alipokiona kile kilichomzuia mzee, na alishangaa jinsi kilivyokuwa kitu cha kawaida, kitu cha kupangwa. "Haoshi yeye," akasema. "Manesi wa kiume watakuosha mpaka kidonda kifunge. Wewe mwenyewe tutakufundisha kukifunga bendeji, mikono yako ni mizima. Mwanao tumempigia simu, yuko njiani, anageuza lori. Na mkwe wako nitamwambia mimi kwamba asiingie wakati huo, ili usimwambie wewe."

Fundi aliyapima maneno hayo. "Nikikatwa nitapona?"

Swali hilo lilikuja na macho ya mtoto, na Kisauti alitamani kusema ndiyo. Angeweza. Pale chini alipokaa, katika utulivu ule wa pazia, ndiyo ingetoka yenyewe, tamu, na mzee angelala.

"Sina hakika, baba. Ukibaki nao utakufa, hilo nina hakika nalo. Ukikatwa, wengi wanapona na wengine hawaponi, na wewe homa imeshakuchosha. Na kuna lingine." Akalazimika kusimama kidogo rohoni kabla ya kulisema. "Siku ile nilikuambia chini ya goti. Sasa si chini tena. Uozo umepanda. Ni juu ya goti."

"Juu."

"Ndiyo."

"Kwa sababu ya hizi siku."

"Kwa sababu ya hizi siku."

Mzee alitazama dari. Kwa mwashi, goti ni kila kitu. Bila goti hupandi ngazi, hupigi magoti kwenye msingi. Kisauti aliyajua hayo, na Fundi alijua kwamba anayajua. Mzee akaweka mkono wake mkavu juu ya shuka, pale goti lilipokuwa limeinuka, akalishika.

"Siku za hasira zangu," akasema.

"Siku nilizokukasirisha mimi."

"Tugawane, basi." Akafumba macho. "Lete hiyo karatasi yenu."

Upasuaji ulifanyika asubuhi. Kazi ya daktari mdogo katika shughuli hiyo ni kuushika mguu. Unaukumbatia kwa mikono miwili, umenyooka, usitetereke, bingwa anafanya kazi yake juu. Kisauti aliushika. Kwa muda mrefu uzito wake uligawanyika kati yake na mzee aliyelala usingizi wa dawa. Kisha ukaja wote kwake. Alipepesuka hatua moja nyuma, na Bingwa, bila kuinua uso, akasema, "Wote hupepesuka." Hakusema kitu kingine mpaka walipomaliza kushona.

Homa ilishuka taratibu. Fundi alikuwa akiamka anatazama mahali pasipo na mguu, anatikisa kichwa, anauliza saa. Alikuwa hai, na mwashi hakuwa tena. Mambo hayo mawili yalilala kitanda kimoja, na hakuna aliyeweza kuchukua moja akaacha lingine.

Mwanawe alifika wakati wa raundi, bado na vumbi la safari kwenye nyusi, mtu mpana aliyejaza mlango. Alikuwa ameshamwona baba yake. Alikuja moja kwa moja kwenye msururu, akasimama mbele ya Bingwa na wote.

"Ni nani kati yenu," akauliza, sauti yake ya chini, "aliyemwambia mzee wangu yale maneno mbele ya mke wangu?"

Spika akatazama viatu vyake. Sista akaacha kusukuma kigari. Bingwa akasogea mbele hatua moja. "Wodi hii ni yangu," akasema. "Mimi ndiye niliyeagiza."

"Ni mimi," Kisauti akasema nyuma yake. Ilikuwa ile sauti ndogo, ya dukani, na watu wa mwisho hawakuisikia, lakini mtoto wa Fundi aliisikia. Alimtazama, akaona msichana mwembamba ambaye koti limemzidi mabega.

"Mzee amenikataza nisikuulize neno lolote," akasema kwa shida. "Amesema nikusalimie tu." "Habari za kazi, daktari."

"Salama. Pole na safari. Pole sana."

"Nimeshapoa."

Kisha Kisauti akaomba radhi kwa Bingwa kwa kichwa tu, akamwonyesha mwanamume yule viti viwili vilivyokuwa karibu na ukuta, na wote wawili wakakaa. Akaanza kumweleza habari za mguu wa baba yake tangu msumari, hakuruka kitu, hata zile siku zilizopotea na aliyezipoteza. Alieleza taratibu, na alipoona yule mtu anafuta uso kwa kofia yake alinyamaza, akamngoja amalize, akaendelea.

Bingwa alitazama saa. Akawatazama wale wawili pale ukutani. Kisha akageuka, akauongoza msururu kwenye kitanda kinachofuata, na mahali pa Kisauti pakabaki wazi, hakumwita.